Dohani ya Jikoni

Roshanara hakuipenda ile nyumba tangu siku ya kwanza, lakini hakusema. Alikuwa ameishi na mume wake miaka mingi ya kutosha kujua kwamba Sadrudin akishapenda kitu, kumkataza ni sawa na kupulizia moto. Basi mwaka ule wa 2007, wakala alipowafungulia mlango mzito wa mbao, yeye alifunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni, akaingia kimya.

Ilikuwa nyumba ya mawe, ukingoni mwa bonde la mto Don, mjini Toronto, nyuma ya miti iliyoificha na barabara. Aliijenga Mwingereza mmoja aliyeitwa Thackray, mwenye kiwanda cha sabuni, mwaka 1912. Thackray alikuwa ameiacha kwao Yorkshire nyumba ya baba yake, na kwa kuwa hakuweza kuja nayo, akamleta msanifu kutoka huko huko amjengee mfano wake ugenini. Paa lilikuwa na mwinuko mkali, limeezekwa kwa vipande vya mawe bapa. Madirisha yaligawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe, na katika kila nafasi kulikuwa na vioo vidogo vidogo vilivyoshikizwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Juu ya paa zilisimama dohani tatu za kutolea moshi, ndefu kupita kiasi. Na kuta zilikuwa nene hata mtu angeweza kupanda dirishani, akakunja miguu, asionekane na aliyeketi chumbani.

Sadrudin hakutazama madirisha. Alikunja ngumi akagonga ukuta, kisha akautegea sikio.

"Unasikia, Roshan?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo nataka usikie hivyo!" Macho yake yaling'aa kama ya kijana. "Hii hawawezi kuibeba."

Wakala aliyasikia maneno yale ya Kiswahili akatabasamu tu, hakuyaelewa. Roshanara aliyaelewa. Aliwajua hao wasioweza kuibeba ni akina nani.

Baba yake Sadrudin, mzee Hussainali, alikuwa amejenga ghorofa moja mjini Tanga: chini duka, juu makazi yake na ya wapangaji, na kwenye paji la jengo jina lake limeandikwa kwa saruji. Roshanara aliingia humo akiwa bibi harusi. Hata mwaka wa ndoa haujatimia, ukaja Aprili wa 1971, majengo ya kupangisha yakataifishwa, na lile la Hussainali likiwamo. Kijana wa serikali alifika na karatasi zake, mpole, amechomekea shati. Roshanara mwenyewe ndiye aliyemletea chai. Kijana akanywa, akashukuru, akawaambia wasiwe na wasiwasi, hakuna atakayewafukuza. Wataendelea kukaa mle mle, ila sasa watalipa kodi kwa Msajili wa Majumba. Mzee Hussainali akamsindikiza mpaka mlangoni. Akalipa kodi ya chumba alichozaliwa mwanawe, mwezi baada ya mwezi, bila kunung'unika, na kabla mwaka haujageuka wakamzika.

Sadrudin hakulizungumza jambo lile. Lakini tangu siku ile hakuwahi kutulia. Walifika Toronto mwaka 1974, wakapanga kwenye jengo refu la Flemingdon Park. Akafungua duka la udobi, likawa mawili, likawa manne. Wakanunua nyumba Scarborough, wakahama. Wakanunua nyingine, na nyingine, mpaka ya Markham, na kila mara wakahama. Kila nyumba alikaa miaka mitatu au minne, kisha angeanza kuzunguka vyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akigonga kuta zile za mbao na jasi, zikilia kama debe tupu, angemgeukia mkewe na kumwambia, "Hii ni nyumba au boksi la viatu?" Na Roshanara alijua kwamba kabla theluji haijaanguka tena atakuwa anafunga vyombo kwenye magazeti.

Sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, goti la kulia linamuuma, na mumewe amemletea ngome.

*

Si kwamba nyumba ile ilikuwa mbaya. Watu waliokuja kuwaona walishika vifua kwa mshangao. Lakini kukaa ndani yake lilikuwa jambo jingine. Msanifu wa Thackray alikuwa ameigawa pande mbili, kama mtu aliyepasua papai. Mbele kulikuwa na ukumbi, chumba cha kulia, na ngazi pana yenye mikono ya mbao iliyochongwa majani. Nyuma kulikuwa na jiko, stoo, na ngazi nyingine nyembamba, yenye giza, iliyojizungusha mpaka vyumba vya juu, ili mtumishi apande na maji ya moto na ashuke na ndoo chafu bila kukutana na mwenye nyumba. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na mlango mmoja uliovikwa kitambaa kinene, usipitishe sauti wala harufu ya vitunguu.

Roshanara akajikuta anaishi nyuma. Jiko ndilo lilikuwa na joto. Lilikuwa na ukuta mzima wa meko ya zamani, ya mawe meusi kwa masizi ya karne, na mbele ya meko yale ndipo alipoweka jiko lake la umeme na kiti chake. Sadrudin alikuwa mbele, akitembea. Chakula kikiiva, Roshanara angemwita, asisikie. Angefungua ule mlango wa kitambaa, amwite tena, na sauti yake ingefia ukumbini. Siku moja akachoka, akachukua simu akampigia.

"Uko wapi?" Sadrudin aliuliza kwa wasiwasi.

"Niko jikoni kwako. Wali unapoa."

Wakacheka sana siku ile. Baadaye ikawa desturi, na hakuna aliyecheka.

Roshanara naye hakutulia. Angeketi, angeinuka. Angeanza kukunja nguo, akaziacha njiani akakumbuka kitu juu, akapanda, na akifika juu goti linamwuma na kile alichokifuata kimemtoka kichwani. Maboksi ya Markham aliyaacha chumba cha mwisho bila kuyafungua. Binti yao Tasleem, aliyekuwa mwalimu Ottawa, alipopiga simu na kuulizwa kwa Kiswahili na Kikachi cha wazee wao kama anakula vizuri, alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yeye anakula, bali wao wamejifungia kwenye makumbusho.

Kitu kimoja tu Roshanara alikiomba. Mabafu yote yalikuwa juu. Alitaka moja la chini, dogo, lisilo na ngazi. Sadrudin alisema sawa, litapatikana. Miaka miwili ikapita katika lile "litapatikana."

*

Taarifa ya jiji ilikuja vuli ya 2009. Sadrudin aliisoma amesimama ukumbini, akairudia karibu na dirisha, kisha akaja nayo jikoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Soma wewe," alisema. "Pengine macho yangu yananidanganya."

Roshanara akasoma. Jiji lilikusudia kuiorodhesha nyumba ya Thackray kuwa jengo la urithi. Afisa atafika kuikagua, na baraza litalikalia shauri lile mwezi wa kumi na mbili. Mwenye nyumba ana haki ya kupinga.

"Wanaitaka," Sadrudin alisema.

"Hapa hawajasema wanaitaka. Wamesema wanaiorodhesha."

"Kwani Tanga walianzaje? Walianza kwa kuorodhesha."

Hakula siku ile. Alizunguka nje akishika kuta kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Afisa alipokuja alikuwa mwanamke kijana, mweusi, mrefu, amevaa buti za kazi, kamera shingoni. Roshanara alimwona dirishani, akamgeukia mumewe akamwambia kwa Kiswahili, "Mwambie avue viatu, nimepiga deki sasa hivi."

"Navua, Mama," yule mwanamke akaitikia kutoka mlangoni, akiinama kufungua kamba. Kisha akainua uso, akacheka. "Shikamooni. Mimi ni Chelagat. Natoka Kericho."

Roshanara alifurahi kama aliyeletewa mgeni kutoka kwao. Alikuwa anafungua mdomo amkaribishe, ndipo alipomwona mumewe. Sadrudin alikuwa ameshika nguzo ya ngazi, uso umempauka.

"Anajua Kiswahili," alimnong'oneza mkewe kwa Kikachi. "Yule wa Tanga naye alikuwa mpole hivi hivi."

Chelagat alikagua nyumba kwa utaratibu. Alipiga picha madirisha, akapapasa mawe, akapanda mpaka chini ya paa. Akawaeleza kwamba kuta zile hasa ni kuta mbili, ya nje na ya ndani, na katikati pamejazwa vifusi vya mawe na chokaa. Kwamba zinapumua, zinameza unyevu na kuutoa, na mtu akiziba kwa saruji mawe hubanduka nyuso wakati wa baridi. Roshanara alimsikiliza. Sadrudin alimfuata nyuma hatua kwa hatua, kama askari.

Walipofika kwenye mlango wa kitambaa, Chelagat alisimama. Aliusukuma, akaitazama ile ngazi ya giza.

"Huu mlango naujua," alisema. "Baba yangu alikuwa mpishi kwa meneja wa shamba la chai. Nyumba ya mawe, chimney, kila kitu kama hii. Nimekulia nyuma yake, Mama. Mbele sijawahi kuingia hata siku moja. Ndio nikaenda kusoma majengo, nijue kulikuwa na nini huko mbele."

"Na kulikuwa na nini?" Roshanara aliuliza.

"Baridi," Chelagat alisema, na wote wawili wakacheka.

Sadrudin hakucheka. "Binti, nikuulize. Mkishaiorodhesha, nikitaka kuvunja ukuta humu ndani?"

"Utaomba kibali, Mzee."

"Nyumba yangu mwenyewe."

"Ndiyo, nyumba yako. Hati ni yako, unakaa, unauza, unarithisha. Ila kuna vitu huwezi kuvunja bila kuuliza. Hizi meko, kwa mfano. Na madirisha."

"Mtu akianza kuniruhusu," Sadrudin alisema polepole, "basi si yangu tena."

Chai iliandaliwa, Chelagat akanywa, akashukuru. Wakati wa kuondoka Roshanara alimsindikiza mpaka kwenye gari. "Usimchukulie vibaya," alimwambia. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Akamsimulia habari ya Tanga kwa maneno machache. Chelagat alisikiliza hali ameshika mlango wa gari, halafu akasema tu, "Sikujua hiyo. Huko kwetu hatukufundishwa hiyo."

*

Wiki haikupita, Sadrudin akamwita fundi. Aliitwa Dean, mtoto wa rafiki yao wa siku nyingi, Mgoa wa Mombasa; kazi yake ilikuwa kutengeneza majiko na mabafu katika nyumba mpya za pembezoni mwa jiji. Alikuja na vijana wake wawili asubuhi moja, Roshanara akiwa bado na taulo kichwani.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Bafu lako," Sadrudin alisema. Alikuwa amechangamka, amekunja mikono ya shati. "Uliliomba, sikukupa. Baraza halijakaa bado. Tunaondoa haya meko ya ukutani, hakuna anayeyatumia, yamekula robo ya jiko. Pale pote panakuwa bafu. Ni sasa, Roshan, ama ndiyo basi tena."

Angeweza kusema hapana. Baadaye alilikumbuka hilo mara nyingi. Alikuwa amemsikia Chelagat kwa masikio yake akiyataja meko yale. Lakini aliwaza bafu lisilo na ngazi, maji ya moto yakimwagika kwenye goti lake, naye akasema, "Basi wafunike vyombo vyangu, vumbi lisiingie."

Dean alizungukazunguka mbele ya meko, akatazama juu. "Uncle, na huko juu kukoje? Hii dohani imesimama juu ya nini?"

"Imesimama juu ya ukuta. Imesimama miaka mia."

"Ningependa mtu wa mahesabu aje aangalie kwanza."

"Na yeye atauliza kibali kiko wapi," Sadrudin alisema. "Weka mbao za kushikilia, kijana. Fanya kazi."

Dean akaweka mbao. Wakavunja. Siku ya kwanza waliondoa matofali ya ndani, siku ya pili wakaanza mawe makubwa ya pembeni. Roshanara alihamia chumba cha kulia, akapika kwenye jiko dogo la kuchomeka ukutani, na nyumba nzima ikajaa vumbi jeupe lenye ladha ya chokaa. Sadrudin aliingia na kutoka, akihimiza. Alikuwa na furaha ya mtu anayekimbia mvua.

Siku ya tatu, mchana, mafundi walikuwa wametoka kwenda kula. Roshanara aliingia jikoni kuchukua birika. Alisikia kitu kama mtu anayesaga meno. Akasimama. Punje za chokaa zikaanza kudondoka kutoka darini, kwanza chache, kama chumvi, kisha kama mchele unaomiminwa. Akaziangalia zile mbao za Dean: moja ilikuwa imepinda.

"Sadru!" Alipiga kelele. Akajua mara moja kwamba hasikiki. Hakungoja. Alikimbia na goti lake lile, akausukuma mlango wa kitambaa kwa bega, akamkuta ukumbini, akamshika mkono bila kusema neno, akamvuta nje na kandambili zake.

Walikuwa wamefika kwenye nyasi. Dohani ya jikoni, ile ya nyuma, iliinama taratibu kama mzee anayeketi, ikasita, kisha ikazama ndani ya paa. Kishindo chake kilitetemesha ardhi. Ndege waliruka kutoka bondeni. Vumbi likapanda, likakaa hewani muda mrefu, na lilipotua waliona anga mahali palipokuwa na jiko.

Sadrudin alikuwa akitweta. "Wameichukua," alisema. "Wameichukua, Roshan."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Roshanara, kitu alichokishikilia tangu ujana.

"Nani kaichukua?" Alimgeukia. "Nani? Yuko wapi? Mwonyeshe! Hakuja mtu hapa, Sadru. Wewe ndiye uliyeivunja kwa mikono yako. Miaka yote hii tunakimbia, nakufuata, nafunga vyombo, nafungua vyombo, na anayetukimbiza hayupo! Baba alikufa. Hata yule kijana aliyekunywa chai labda naye alishakufa. Ni wewe tu umebaki unatufukuza."

Sadrudin alimtazama kana kwamba amepigwa. Akaketi kwenye nyasi baridi, akashika kichwa.

*

Zimamoto walikuja, kisha polisi, kisha Chelagat. Safari hii hakucheka wala hakuvua buti. Aliingia na wahandisi, wakatoka, wakasema hakuna ruhusa ya kulala humo mpaka upande wa nyuma ushikiliwe kwa vyuma. Alimwendea Sadrudin aliyekuwa amefunikwa blanketi.

"Mzee, ungekufa," alisema kwa hasira. "Na ungemuua Mama. Kwa sababu ya karatasi."

"Nipeleke kortini," Sadrudin alisema.

"Hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni hizo mawe." Akaondoka, kisha akarudi, akavua glavu zake akampa Roshanara avae.

Walikwenda kwa Zebunissa, dada yake Roshanara, mjane aliyeishi Flemingdon Park, ghorofa ya tisa, katika jengo la jirani na lile walilofikia mwanzoni. Zebunissa aliwapa chumba chake, yeye akahamia sebuleni na hakutaka kusikia shukrani. Kuta zilikuwa nyembamba. Upande mmoja mtu alitazama mechi ya kriketi, upande mwingine mtoto alijifunza kinanda, na lifti ilinukia mchuzi wa watu wa dunia nzima. Roshanara alilala usingizi mzito kama mtoto. Kulipokucha alimsaidia dada yake kuchambua dengu, na ghafla akagundua kwamba ameketi kwa muda mrefu na hajainuka.

Sadrudin ndiye aliyeteseka. Kila asubuhi alipanda basi mpaka barabara ya Eglinton, akashuka, akatembea mpaka kwenye nyumba yake, akasimama nje ya uzio. Kwa ugomvi ule hawakuzungumza siku kadhaa zaidi ya chumvi na chai. Kisha jioni moja, wakati wa kula, alisema bila kuinua macho, "Yale uliyosema."

"Nilisema kwa hasira."

"Lakini ulisema kweli?"

Roshanara alifikiri. "Ndiyo," alisema.

Sadrudin akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kula.

Siku ya baraza walikwenda wote wawili. Ukumbi ulikuwa na mazulia na vipaza sauti, na watu waliozungumza juu ya madirisha ya Thackray kama wanaozungumzia jamaa aliyetangulia. Chelagat alieleza kuhusu nyumba. Hakuficha kilichotokea, wala hakukitia chumvi. Sadrudin alipoitwa, alisimama na koti lake zuri la suti, karatasi mkononi. Roshanara aliijua ile karatasi. Alikuwa ameandika pingamizi kurasa tatu. Hakuisoma.

"Nina swali moja," alisema kwa Kiingereza chake cha Tanga. "Nikifa, mnaweza kuweka watu wengine ndani?"

Waliokuwa mezani walitazamana. Mwenyekiti, bibi mwenye miwani, alifikiri hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Akarudia.

"La, bwana," bibi akasema. "Nyumba itakuwa ya warithi wako. Sisi tunalinda mawe tu."

"Na mke wangu? Atalipa kodi ya kupanga?"

"Kwa nani?" bibi aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli kabisa.

Sadrudin alibaki amesimama. Roshanara aliona shingo yake, jinsi ukosi ulivyokuwa umempwaya siku hizi. "Basi sina pingamizi," alisema, akaketi.

*

Nyumba ikaorodheshwa. Majira ya baridi yote ilisimama na vyuma na maturubai, na theluji ilipoyeyuka wakaja waashi wawili waliojua kazi ya chokaa. Chelagat alisimamia. Mawe mengi yaliyoanguka yalikuwa mazima. Waliyapanga kwenye nyasi, wakayatia namba, wakaanza kuyarudisha. Sadrudin alishinda pale kutwa, akiwaletea chai kwenye chupa. Alijifunza kuikanda chokaa. Alimkosoa Chelagat kwa Kiswahili mbele ya watu, naye Chelagat akamrudishia, na waashi wakadhani wanagombana kumbe wanataniana. Jiko lilirudishwa na meko yake, kama lilivyokuwa. Bafu halikujengwa pale. Chelagat alimwonyesha kwamba lingeweza kuingia stoo, kwa kibali cha wiki mbili, bila kuondoa jiwe hata moja.

Kazi ilipokwisha, alikuja kwa Zebunissa na funguo. "Twende nyumbani," alimwambia mkewe.

"Mimi sirudi, Sadru."

"Bafu lipo. Stoo, Roshan! Maji ya moto, kiti cha kukalia, kila kitu."

"Nashukuru. Lakini sirudi. Wewe ukitaka nenda, nitakuja kukupikia siku za Jumapili. Mimi nimekuta pa kukaa." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anavunja maharage mabichi, akaendelea kuyavunja.

Akaenda peke yake. Mwezi mzima alikaa mle, mtu mmoja na vyumba kumi na kitu. Roshanara aliumia, alilia mara moja bafuni kwa Zebunissa maji yakiwa wazi, lakini hakuinuka kumfuata. Na siku moja Sadrudin akatokea mlangoni, amenyoa ndevu, akasema ameita wakala.

"Nani kakulazimisha?" Roshanara aliuliza upesi. "Mimi sikukulazimisha."

"Hakuna aliyenilazimisha. Ndilo nililokuja kukwambia." Aliketi. "Baba hakuwahi kusema 'nauza.' Hakupewa nafasi hiyo. Nimekaa pale nikajaribu kusema kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu. Nauza. Si neno baya."

Wanunuzi walikuwa mke na mume vijana, madaktari, wenye watoto pacha. Siku ya kukabidhi, Sadrudin aliwatembeza nyumba nzima, akawaonya kuhusu saruji, akawaonyesha jinsi ya kutazama unyevu chini ya madirisha, mpaka yule baba akaanza kuchungulia saa yake. Roshanara alimchukua yule mama pembeni akamshauri auondoe kitambaa kwenye mlango wa jikoni, kama jiji litakubali. Kisha wakatoka. Roshanara aligeuka kuitazama nyumba. Sadrudin hakugeuka; alikuwa tayari amefika barabarani, akimhimiza kwa mkono kwamba basi linakuja.

Walinunua nyumba ndogo ghorofa ya nne, jengo moja na Zebunissa. Maboksi ya Markham yalifunguliwa yote, na ndani yake zilikutwa sahani walizodhani zimepotea. Ijumaa walikwenda kuswali jamatkhana pamoja, na Chelagat alikuja mara mbili tatu kula, akasifia biriani na kulalamikia wakubwa wake kazini.

Haukupita mwaka. Jumamosi moja Sadrudin aliingia na gazeti, amelikunja kwenye ukurasa fulani.

"Kuna nyumba mjini Ajax," alisema. "Ya matofali. Karibu na ziwa. Sisemi tununue. Nasema tukaione."

Zebunissa, aliyekuja kuomba pilipili, alishika mdomo. Roshanara alimtazama mumewe: umri wa miaka sitini na zaidi, kofia mkononi, mguu mmoja tayari uko nje ya mlango.

"Nenda kaione," alisema. "Chukua koti, kule kuna upepo. Mimi niko hapa."

Sadrudin alisimama mlangoni kidogo, kana kwamba anamngoja mkewe aseme zaidi. Akachukua koti, akaenda. Alirudi jua likiwa linashuka, pua nyekundu kwa baridi, akanawa mikono. Hakueleza aliyoyaona, naye Roshanara hakumuuliza. Alipakua wali, wakala.